Saa Mbili Kasoro Dakika Kumi

Muuzaji wa duka la kamera pale Moshi aliniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na muuzaji yeyote tangu nizaliwe. Aliniuliza kama nitachukua kamera yenye toleo la kwanza, au nitasubiri zije zenye toleo la pili. Nikamwambia nataka kamera. Akatabasamu kwa huruma, kama muuguzi anayejiandaa kuchoma sindano, akasema kamera ninayo tayari mkononi. Anachoniuliza yeye ni kilichomo ndani yake.

Mimi ni mtu wa enzi za foleni. Nimepanga foleni ya sabuni, ya sukari, ya khanga moja kwa kila kaya. Siku moja pale Same nilisimama kwenye mstari tangu asubuhi, na jua lilipokuwa utosini ndipo nikamuuliza aliyekuwa mbele yangu tunangoja nini. Hakujua naye. Yalikuwa matairi ya baiskeli. Sikuwa na baiskeli, nikanunua mawili. Lakini katika shida zote zile kulikuwa na heshima moja: kitu ukikipata, kimeshatengenezwa kikaisha. Sabuni ilikuwa sabuni. Hakuna aliyekuja mwezi uliofuata kukuambia kwamba sabuni yako ina kasoro kwenye povu, uilete itiwe povu jipya.

Kisha milango ikafunguliwa. Wakasema ruhusa, wakasema soko huria, wakasema utandawazi, na kila neno lilikuja na semina yake. Maduka yakajaa hadi nje kwenye baraza. Na hapo ndipo tulipoanza kuuziwa vitu ambavyo wenye kuvitengeneza hawajavimaliza.

Muuzaji alinieleza kwa uvumilivu. Kamera za zamani, kama ile yangu ya filamu iliyokuwa ikilia kama kisaga nafaka, zilikuwa chuma na kioo basi. Hizi mpya zina akili, na akili hiyo ni maandishi yaliyowekwa ndani yake kiwandani. Aliita femuwea. Maandishi hayo ndiyo yanayoiambia kamera lini ifungue jicho, rangi nyekundu iwe nyekundu kiasi gani, na saa ngapi iandike pembeni mwa picha. Kwa kuwa yameandikwa na binadamu, yana makosa. Wenye kiwanda wakiyagundua huandika upya, huyaweka kwenye intaneti, na mwenye kamera anatakiwa ayafuate huko ayaingize mwenyewe. Kwa lugha yangu nilielewa hivi: mwili wa kamera umetengenezwa na mafundi, akili yake imeandikwa na makarani. Nami niliwahi kuwa karani, kwa hiyo nilijua mara moja matatizo yatatokea upande gani.

Nilikuwa karani wa ghala kwenye shamba la mkonge, huku chini tambarare. Shamba lilipobinafsishwa wakaja mabwana wenye mikoba, wakatutangazia kwamba wanafanya marekebisho ya muundo. Marekebisho yenyewe yalikuwa mimi. Nikachukua kiinua mgongo changu, nikafungua studio ya picha nyuma ya stendi ya Same, nikaanza kuwaambia watu wanyanyue kidevu. Kwa miaka kadhaa nilikuwa natuma filamu Moshi kwa basi na kuzipokea baada ya wiki, nusu ya wateja wakiwa wamefumba macho. Kamera mpya, walisema, inakuonyesha picha papo hapo. Mteja akifumba macho unamwona, unamkaripia.

Kabla sijalipa, muuzaji alinipa mawaidha, na kwa haki kabisa nitayaandika hapa kwa sababu yalikuwa ya kweli. Ukinunua kamera mpya, alisema, usiangalie ngozi ya mkoba wala wingi wa vitufe. Ingia kwenye menyu, tafuta namba ya toleo. Halafu uliza toleo la sasa ni la ngapi, na lile jipya linatibu ugonjwa gani. Kama ugonjwa huo huna, usihangaike. Kama unao, jaza betri pomoni, ingiza maandishi mapya, na usizime hadi yenyewe iseme imemaliza, maana ukiikata katikati inakuwa jiwe. Na ukishamaliza, alisema, pitia mipangilio yako yote upya.

Hilo la mwisho sikulisikia vizuri. Nilikuwa naangalia ngozi ya mkoba.

Kamera ilikuwa na toleo moja nukta sifuri, na ugonjwa wake ulijitokeza wiki ya kwanza: ilikuwa inaganda. Unabonyeza, inafikiri. Bwana harusi anatabasamu, kamera inafikiri. Tabasamu linakauka, mdomo unaanza kutetemeka, kamera ndiyo kwanza inapiga. Lakini hilo niliona dogo. Lililonisumbua zaidi ni saa.

Pembeni mwa kila picha, kwa tarakimu za rangi ya chungwa, kamera iliandika tarehe na saa. Nilipompelekea mama mmoja picha za ndoa ya binti yake, alizitazama akanirudishia. Ndoa ilifungwa saa sita mchana, alisema, kanisa zima shahidi, na hapa imeandikwa kumi na mbili. Saa kumi na mbili ni jioni, na binti yake hakuolewa jioni kama mtu anayejificha. Nikamweleza kwamba hiyo ni saa ya kizungu, kama kwenye saa ya mkono, unasoma ukitoa sita. Akaniambia saa ya mkono anaivaa mwenyewe na anajua kuisoma, lakini picha itakaa ukutani miaka hamsini, na wajukuu watasoma kilichoandikwa.

Alikuwa na hoja. Usiku huo sikulala kwa furaha, kwa sababu nilikuwa nimepata wazo kubwa kuliko yote ya maisha yangu: niliirudisha saa ya kamera nyuma saa sita. Saa moja asubuhi ikawa inaandikwa 01:00, saa sita mchana 06:00, kama Mungu alivyokusudia. Nikabandika tangazo dukani kwamba studio hii inapiga picha kwa saa za kwetu. Wateja wakaongezeka. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na mimi kidonda nilikuwa sijakiona.

Aliyefurahi kuliko wote ni mama yangu. Alikuwa akiishi kijijini kwetu, juu ya Same, kwenye bega la mlima linalotazama magharibi. Nilipompelekea picha yake mwenyewe akipepeta maharage, alisoma tarakimu za pembeni kwa sauti, saa tatu na dakika ishirini, akakubali kwamba ndiyo saa aliyokuwa akipepeta. Akasema shahidi wa namna hii alimhitaji siku nyingi. Nilipaswa kuogopa, kwa maana Mpare anapotaja shahidi, kesi ipo tayari.

Watu hutusingizia sisi Wapare kwamba tunapenda kesi. Si kusingiziwa, ni kweli. Nimemjua mtu aliyeuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku, na aliposhinda alimla yule kuku kwa fahari ya mtu aliyemla ng'ombe. Kesi ya mama ilikuwa ya maji. Kijijini kwetu maji ya mashamba hukusanywa usiku kwenye bwawa dogo la udongo tunaloliita ndiva, na asubuhi hufunguliwa yakashuka kwenye mfereji, kila shamba kwa zamu yake. Kila siku ya nne, jirani wa mama alianza yeye alfajiri hadi saa mbili, kisha mama akapokea kutoka saa mbili hadi saa nne. Jirani huyo alikuwa mzee mwembamba, mjane kama mama, na walikuwa wamegombana kwa muda mrefu kiasi kwamba ugomvi wao ulikuwa na adabu zake. Walisalimiana kila asubuhi, wakaulizana hali za wajukuu, kisha wakaanza.

Mama alidai jirani huziba tawi lake la mfereji kwa kuchelewa. Jirani alidai mama hufungua lake kwa kuwahi. Sheria ya mfereji ilikuwa fupi na kali. Ukila dakika za mwenzio mpakani mwa zamu, unapoteza zamu yako inayofuata. Ukifungua maji katikati ya zamu ya mtu mwingine, huo ni wizi kamili, unatolewa kwenye mfereji msimu mzima. Na msimu ule mvua zilikuwa zimeturuka. Maharage ya mama yalikuwa yanatoa maua, na maharage yenye maua hayajui kesho. Zamu moja ikipotea, yanakaa siku nane bila maji. Msimu ukipotea, hakuna kitu.

Tangu zamani saa ya mfereji ilikuwa jiwe. Palipogawanyika mfereji palikuwa na jiwe kubwa jeusi, na jua likitoka nyuma ya mlima huanza kugusa maji, halafu baada ya kitambo kidogo hugusa jiwe. Likigusa jiwe ni saa mbili, zamu imebadilika. Lakini mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa amerudi kutoka semina ya siku tatu, na mtu akirudi kutoka semina jiwe halimtoshi. Alisema wakati umefika wa ushahidi wa kisasa. Mama akasema mwanawe ana kamera inayoandika saa za kwetu. Jirani akauliza kama mtoto wa mlalamikaji anaweza kuwa shahidi. Mwenyekiti akajibu kwamba shahidi si mtoto, ni kamera, na kamera haina mama. Kikao kikapitisha nipige picha zamu mbili mfululizo, maana kwetu ushahidi mmoja ni uvumi.

Zamu ya kwanza nilipanda mlima, nikasimama kando ya mfereji. Nilimnasa jirani akiziba tawi lake kwa udongo na magome ya mgomba, jiwe nyuma yake likiwa limeshawaka jua lote. Kamera ikafikiri, ikapiga, ikaganda. Ikagoma kuwaka hadi nilipotoa betri na kuirudisha. Nikaingiwa na hofu kwamba zamu ya pili itagoma kabisa, na kesi ya mama itakufa mikononi mwangu. Ndipo nikakumbuka toleo jipya.

Siku tatu zilikuwa katikati. Nikashuka Same, nikaenda kwenye intaneti kafe, chumba chenye kompyuta nne na feni moja. Mwenye kafe alikuwa mama wa makamo aliyewahi kuwa mpiga chapa wa halmashauri, naye kapunguzwa kama mimi, na alinipokea kwa undugu wa waliorekebishwa. Akatafuta ukurasa wa kiwanda, akanisomea kinachotibiwa na toleo moja nukta mbili. Palikuwa na mstari mmoja tu. Kwa tafsiri yake ulisema: linaongeza uthabiti wa jumla. Nikamuuliza uthabiti wa jumla ni nini. Akasema hata sisi tulipopunguzwa kazi barua ilisema hivyohivyo.

Kushusha yale maandishi kulichukua tangu saa tatu hadi adhuhuri, kwa sababu intaneti yote ya chumba kile ilipita kwenye laini moja ya simu, na simu yenyewe ilikuwa ikipigwa na watu. Yalipofika tukayaingiza kwenye kadi ya kamera. Kwenye kioo chake kidogo kukatokea mstari unaotambaa na onyo kwamba nisizime. Wakati ule umeme ulikuwa wa mgao. Kamera ilikuwa kwenye betri yake na haikuhitaji umeme wa mtu, lakini nani angewaeleza? Wateja wote waliacha barua zao wakasimama nyuma yangu. Mzee mmoja Mwislamu muuza nguo alifungua viganja akaomba dua, mwinjilisti aliyekuwa akitafuta wafadhili akaitikia amina, na mstari ukafika mwisho. Watu wakanipa mkono kama niliyejaliwa mtoto.

Kamera ikawaka, ikauliza tarehe na saa, maana toleo jipya lilikuwa limefuta kila nilichokuwa nimepanga. Nilikuwa bado nashikana mikono. Mwenye kafe, kwa wema wake, akatazama saa ya kompyuta akaiandikia kamera saa sahihi ya dunia nzima. Akanirudishia. Nikashukuru, nikaondoka.

Zamu ya pili nilifika mapema. Kamera ilikuwa nyepesi kama mpya, ukigusa inapiga. Jirani alikuwa ameziba tawi lake mapema kuliko kawaida, makusudi, ili aonekane mwema, akaenda zake juu kwenye vihamba vyake vya migomba. Mama alikuwa amesimama kwenye mfereji na jembe lake, akisubiri jiwe.

Na hapo jua likatoka nyuma ya mlima. Likapita kwenye pengo, likaangukia maji tu na mama tu, na kila kitu nyuma yake kikabaki cheusi. Sijawahi kuona mwanga wa namna ile. Vumbi la udongo kwenye jembe lilikuwa la dhahabu. Nilikuwa nimepiga picha za vitambulisho kwa miaka, kidevu juu, masikio yote mawili yaonekane, na mara moja nikajiona msanii. Wingu lilikuwa linakuja kutoka upande wa juu. Nikamwambia mama afungue.

Mama akatazama jiwe, akasema bado.

Nikamwambia, "Mama, mwanga unaondoka. Fungua tu, ni dakika chache, nani atajua?"

Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa mdogo nikiomba kitu ambacho hakipo. Kisha akainama, akavuta magome ya mgomba, maji yakaruka kwenye miguu yake, nami nikapiga. Ilikuwa picha moja tu. Wingu likafunika. Niliporudi Same sikungoja, niliituma kadi Moshi ikasafishwe siku hiyohiyo, na bahasha iliporudi nikatoa picha ya mama nikautazama mwanga wake, na sikutazama kitu kingine.

Kikao kilifanyika kwenye darasa la shule, watu wazima tukiwa tumekaa kwenye madawati ya watoto. Mwenyekiti akainua picha ya kwanza akasoma: 02:10, saa mbili na dakika kumi, jirani bado ana maji. Minong'ono. Mama akanyoosha shingo. Kisha akainua ya pili, akasogeza miwani, akasoma: 07:50. Saa saba na dakika hamsini. Mama huyu anafungua maji mchana.

Zamu ya mchana ilikuwa ya mwenyekiti mwenyewe.

Mwenyekiti akasema, taratibu sana, kwamba sasa anaelewa kwa nini siku ile maji yalimfikia kidogo. Wawili watatu wakakumbuka kwamba hata wao waliona mfereji umepungua mchana. Kabla sijafumbua mdomo kulikuwa na mashahidi wanne wa jambo ambalo halikutokea, na katibu alishaandika maneno msimu mzima kwenye daftari. Nikamtazama mama. Mikono yake ilikuwa juu ya dawati dogo, imekaa kimya.

Nikasimama nikaeleza. Nilieleza kila kitu: femuwea, makarani, toleo moja nukta sifuri na kuganda kwake, toleo moja nukta mbili na uthabiti wa jumla, saa za kwetu zilivyofutwa na saa za dunia zilivyoingia. Nilisema picha ya kwanza isomwe ilivyo, na ya pili itolewe saa sita, na kwamba saba na dakika hamsini ya kizungu ni saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Niliongea kwa muda wa kutosha kuivisha maharage. Nilipokaa, mwenyekiti aliuliza kama amenielewa vizuri: shahidi aliapa kwa saa moja, katikati ya kesi akaenda Same, akarudi na saa nyingine.

Nikasema ndiyo.

Akawauliza wajumbe, shahidi anayebadilisha maelezo katikati ya kesi tunamwitaje. Wajumbe wakajibu kwa pamoja kama wanafunzi ambao madawati yao tulikuwa tumeyakalia. Akaongeza kwamba pia ni jambo la kushangaza kuwa shahidi amebadilika kwa namna inayomfaa mama mzazi wa mwenye shahidi. Katibu akachovya kalamu mdomoni, tayari kuandika hukumu.

Ndipo jirani aliponyanyuka. Aliomba picha zote mbili. Alizishika mbali na macho, kama wanavyofanya wazee, akazitazama sana.

"Huyu mama ameniudhi miaka mingi," alisema, "na Mungu akinipa afya ataniudhi bado. Lakini tazameni kivuli chake. Kimelala kuelekea Same. Mchana vivuli vyetu hulala kuelekea mlimani. Hii ni asubuhi. Kijana hajadanganya."

Picha ikazungushwa dawati hadi dawati. Ilikuwa kweli, na kila mtu aliyekuwa ameona mfereji ukipungua mchana akaanza kutazama dari. Mwenyekiti akamuuliza jirani, kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa kitu, anamtetea mgomvi wake kwa faida gani.

"Simtetei," jirani akasema. "Tazameni na jiwe nyuma yake. Bado halijawaka. Amefungua kabla ya zamu. Nami kwenye picha yangu jiwe linawaka, nimechelewa, nakubali. Nikimshinda nataka nimshinde kwa jiwe. Sitaki kumshinda kwa mashine."

Akarudi akakaa. Nilitamani kumbusu mikono. Msimu ulikuwa umeokoka, mbele ya macho yangu katibu alikuwa akiufuta kwa mate na kidole. Kisha mwenyekiti akamgeukia mama, akamuuliza swali ambalo sheria ilimtaka aulize: kwa nini alifungua kabla jua halijagusa jiwe.

Mama hakunitazama. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, kwamba hakugeuza hata shingo upande wangu. Alisema aliona jua kwenye maji akadhani limefika na kwenye jiwe. Alisema macho yake yamezeeka.

Mama yangu aliweza kumtambua mbuzi wake ng'ambo ya bonde, akakuambia ni yupi na anachechemea mguu gani. Kila mtu darasani alijua hivyo. Nami, niliyekuwa nimetoka kuongea bila kituo kuhusu akili ya kamera, nikangojea maneno yaje. Yalikuwa machache sana: ni mimi niliyemwambia. Nilikuwa na nafasi. Mwenyekiti alifuta miwani yake kabla ya kusoma hukumu, na jirani alikuwa akinitazama mimi, si mama. Nikafikiri shahidi wangu ameshaitwa mwongo mbele ya kijiji kizima, nikisema na hili nitaitwa mwongo mimi mwenyewe, na nani tena ataniletea harusi. Nikarekebisha mkanda wa kamera shingoni.

Wote wawili walipoteza zamu moja. Kikao kikaamua pia kwamba kuanzia siku ile saa ya mfereji ni jiwe, kama ilivyokuwa, na kamera zisiletwe. Walinishukuru kwa kazi.

Tulishuka na mama njia ya mashambani. Jirani alikuwa mbele yetu, na mama alimwita akamuuliza mguu wa mjukuu wake umepona, akajibiwa umepona. Tulipofika kwenye maharage alisimama. Maua yalikuwa meupe, mengi. Alichuma jani moja lililokuwa limeanza kujikunja, akalitazama, akalitupa.

"Umeeleza vizuri, baba," aliniambia. "Ile habari ya akili ya kamera. Watu wamekuelewa."

Nikamwambia nitabaki nimsaidie kunyeshea kwa ndoo. Akasema nishuke, wateja wananingoja. Nikashuka. Alinyeshea peke yake siku zote nane, ndoo kichwani kutoka kwenye kijito cha chini, na maua mengi yalidondoka. Baada ya mavuno alinitumia maharage kwa basi kama alivyofanya kila mwaka. Mwaka huo gunia lilikuwa nusu, na juu alikuwa amelifunga kwa kamba ileile aliyotumia lilipokuwa limejaa.

Tangu hapo nimenunua kamera tatu, na kila mara nafanya kama alivyonifundisha yule muuzaji: natazama namba ya toleo, nauliza linatibu nini, najaza betri, na nikimaliza napitia mipangilio yote mmoja mmoja, saa ikiwa ya kwanza. Hata wengine wakinunua napita nikiwasahihisha. Mama amekwishafariki. Picha yake ipo ukutani studioni, mahali pa kwanza macho yanapofika. Tarakimu za pembeni nilizikata kwa wembe.

Wateja wakiingia husimama mbele yake, hata wenye haraka. Wanatazama maji, miguu, vumbi la dhahabu kwenye jembe, na lile jiwe nyuma ambalo jua halijalifikia. Huniuliza niliupataje mwanga ule. Nawaambia ni kamera.